Maharage Yetu: Tunayapika au Tunayamwaga?



Ndugu zetu wanafunzi, walimu wetu na wazazi wetu, safari hii ukurasa huu wa maoni unaingia jikoni. Tunajua wapo watakaoguna. Watasema mambo ya sufuria waachiwe kina mama wapishi, na waandishi wa jarida wabaki na mambo ya darasani. Sisi hatuoni hivyo. Mwanafunzi wa bweni anakula maharage, kunde, choroko au mbaazi karibu kila siku ya wiki, na nyama anaionja siku za sikukuu au siku tukijiwa na wageni. Kwa mwanafunzi wa namna hiyo, mbegu ndiyo nyama yake. Ikiwa mbegu inaingia jikoni na faida kumi na kufika kwenye sahani na faida tano, anayepunjika ni yeye, wala hajui kama amepunjika, kwa sababu tumbo limeshiba.

Na jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulikuta kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Katika umri huo wamo dada zetu wa madarasa ya juu. Ni kweli kwamba malaria na minyoo navyo hupunguza damu, na si kila mwenye upungufu huo amekosa madini ya chuma. Lakini madini ya chuma ndiyo ambayo sufuria yetu inaweza kuyasaidia au kuyaharibu, ndiyo maana tunayazungumzia hapa.

Hoja yetu tunaiweka wazi tangu mwanzo. Moto si adui wa mbegu. Maadui ni mazoea matatu yaliyoota mizizi katika majiko yetu: kutia magadi ili maharage yaive upesi, kumwaga maji yaliyochemshia, na kushushia chakula kwa chai ya rangi. Yote matatu yanaweza kuachwa bila kuongeza hata shilingi moja katika bajeti ya chakula.

Kabla ya hayo, tuwajibu kwanza wale wanaodai kuwa kupika ndiko kunakoua virutubisho, na kwamba chakula kadiri kinavyokuwa kibichi ndivyo kinavyokuwa bora. Maneno haya yameenea sana, na kwa embe, kachumbari na machungwa yana ukweli wake. Kwa maharage ni hatari. Ndani ya kila punje mna mmea mchanga unaosubiri mvua, na mmea huo umewekewa ulinzi dhidi ya wadudu, panya na ndege. Ulinzi mmojawapo ni protini inayoitwa lektini, na maharage mekundu ndiyo yaliyojaaliwa nayo kwa wingi. Punje nne au tano mbichi zinatosha kumtapisha mtu mzima baada ya saa moja hadi tatu, kisha tumbo likafuatia. Wengi hupata nafuu baada ya saa chache, lakini hakuna anayetamani kurudia.

Dawa yake ni moto, tena moto wa kweli. Maji yakitokota kwa dakika 10 lektini huvunjika. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani wao wanashauri dakika 30 ili pasibaki shaka. Tunasisitiza neno kutokota. Maji ya moto yasiyotokota, ya nyuzi kama 80 hivi, hayaiui lektini, bali yanaweza kuyafanya maharage yawe mabaya kuliko mabichi. Waingereza walilijua hili katika miaka ya 1970 na 1980, pale watu wao walipoanza kula maharage mekundu yaliyolowekwa tu, au yaliyopikwa katika vyungu vya umeme vya moto mdogo, wakawa wanatapika. Kwa hiyo mama anayependa kuyaacha maharage juu ya makaa yanayofifia tangu usiku, hatumkatazi, ila kwanza ayatokose sawasawa.

Soya nayo ina ulinzi wake. Mwaka 1917 wanasayansi wawili wa Marekani, Thomas Osborne na Lafayette Mendel, waliwalisha panya soya mbichi wakaona hawakui vizuri. Walipowapa soya iliyopikwa, panya wakakua. Baadaye ikafahamika kwamba soya mbichi inakizuia kimeng'enya cha utumbo kinachovunja protini. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kula protini nyingi na mwili usiipate. Wale wanaosaga soya mbichi pamoja na mahindi na karanga kuwa unga wa lishe, kisha wakaupika uji kwa dakika chache tu, walitazame jambo hili. Soya ichemshwe na kuanikwa, au ikaangwe, kabla haijapelekwa mashineni.

Basi moto tunauhitaji. Sasa tuone tunapoharibu.

Mbegu huhifadhi fosforasi yake katika kitu kinachoitwa faiteti. Faiteti ni kama ghala lenye mlango mzito, na tabia yake ni kushikilia madini mengine yanayopita karibu: chuma, zinki na kalisi. Maharage yana chuma cha kutosha ukiyapima maabara, lakini sehemu kubwa ya chuma hicho inaingia tumboni ikiwa imeshikiliwa na faiteti, na inatoka kama ilivyoingia. Kuchemsha peke yake hakusaidii sana, kwa kuwa faiteti inavumilia moto. Lakini mbegu ina ufunguo wake. Ndani yake mna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kulifungua ghala pale mbegu inapoanza kuota. Kimeng'enya hiki huamshwa na maji, na huuawa na moto.

Hapo ndipo utaratibu unapokuwa kila kitu. Mpishi anayechambua maharage, akayaosha na kuyatumbukiza moja kwa moja katika maji yanayochemka, amemuua mwenye ufunguo kabla hajaamka. Mpishi anayeyaloweka usiku kucha amempa saa nane au kumi za kufanya kazi, halafu ndipo anawasha moto. Maharage ni yale yale, sufuria ni ile ile, na tofauti ni nani alitangulia, maji au moto. Kuotesha kidogo hufungua zaidi kuliko kuloweka, na kuchachusha, kama bibi zetu walivyozoea kuuacha uji wa mtama ulale, nako kunafungua sana.

Kuloweka kuna faida nyingine mbili ambazo hazihitaji maabara. Kwanza, maharage yana sukari fulani ambazo utumbo wetu hauwezi kuzivunja. Zikifika utumbo mpana vijidudu vya huko huzishangilia, na matokeo yake ni gesi. Kila aliyewahi kukaa safu ya nyuma darasani baada ya chakula cha mchana anajua tunachosema. Sukari hizo huyeyuka katika maji ya kulowekea. Pili, maharage yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi zaidi, na bei ya mkaa kila mtu anaijua.

Hapa tuwe waangalifu, maana kuna maji ya aina mbili na watu huyachanganya. Maji ya kulowekea mwageni, wala msiyaonee huruma. Maji ya kuchemshia msimwage. Wako wapishi ambao maharage yakishachemka na maji kugeuka rangi, huyamwaga yote, wakatia maji mapya, wakidai mchuzi mweusi haupendezi machoni. Katika maji hayo yaliyomwagwa ndimo ilimokwenda foleti, ambayo ni ile ile kina mama wajawazito wanayopewa kliniki kwa jina la foliki. Foleti huyeyuka katika maji, na maharage, kunde na choroko ni katika vyakula vyenye foleti nyingi kuliko karibu chochote kinachouzwa sokoni kwetu. Mtoto akiikosa katika siku 28 za mwanzo za mimba anaweza kuzaliwa na mgongo wazi. Siku hizo mama wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Kwa sababu hiyo haitoshi kungoja kliniki. Msichana anatakiwa awe nayo mwilini kabla ya kuolewa, na njia rahisi aliyonayo ni huo mchuzi wa maharage tunaoumwaga kwenye mtaro.

Sasa magadi. Hili tunajua litawaudhi baadhi ya wapishi, na tunawaheshimu. Magadi tunayoyanunua sokoni kwa kipimo cha kijiko hutoka katika maziwa ya bonde la ufa kama Ziwa Natron na Ziwa Magadi. Ukiyatia katika maharage, hulegeza ile gundi inayoshikanisha kuta za punje, na maharage yaliyokataa kuiva kwa saa tatu yanaiva kwa muda mfupi. Kwa mwenye kununua mkaa hiyo ni nafuu inayoonekana kwa macho. Hasara yake haionekani. Vitamini B1, yaani thiamini, haivumilii magadi na moto kwa pamoja, inavunjika. Tena magadi mengi ya ukanda wetu yana floraidi nyingi, na watafiti wa meno nchini Tanzania walishayahusisha na yale meno ya rangi ya kahawia wanayoota nayo watoto wa baadhi ya maeneo.

Huenda mwanafunzi akauliza, hiyo thiamini ni kitu gani hata tuigombanie? Kisa chake ni kirefu, lakini tumeona tukisimulie kwa sababu aliyekifungua ni mpishi.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, katika kisiwa cha Java kilichokuwa chini ya Waholanzi, ugonjwa wa beriberi ulikuwa ukiwaua askari na wafungwa. Miguu hufa ganzi, mwili huvimba, moyo hushindwa. Daktari kijana Christiaan Eijkman alikuwa akitafuta kijidudu kinachosababisha. Alikuwa na kuku wa majaribio hapo hospitalini Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, na siku moja kuku wote wakaanza kuyumba na kupooza kama wagonjwa wake. Halafu, bila dawa yoyote, wakapona. Alipochunguza akagundua kwamba kuku walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni kwa wanajeshi. Akaja mpishi mpya, akasema hatoi wali wa jeshi kwa kuku wa raia. Kuku wakarudishiwa mchele wa kawaida usiosafishwa, nao wakapona. Miaka michache baadaye mwenzake Adolphe Vorderman alizunguka magereza yapatayo 100 ya Java, yaliyokuwa na wafungwa zaidi ya 250,000, akaona kwamba beriberi iko kule wanakokula mchele mweupe, na ni nadra wanakokula mchele wenye pumba. Mwaka 1901 Gerrit Grijns ndiye aliyelisema vizuri: pumba haziui sumu yoyote, bali zina kitu ambacho mwili ukikikosa unaugua. Kitu hicho ndicho thiamini. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Yule mpishi hakupewa chochote, na jina lake vitabu vingi havilitaji.

Tunapokoboa mchele mpaka ung'ae, tunaiondoa thiamini kwa mashine. Tunapotia magadi katika maharage, tunaiondoa kwa kijiko. Sahani ya wali mweupe na maharage ya magadi ndiyo sahani ya mwanafunzi wetu, na imepunguzwa mara mbili. Wahindi na watu wa Bangladesh wao wana ujanja wa zamani: mpunga huchemshwa na maganda yake, ukaanikwa, ndipo ukakobolewa. Thiamini huhama kutoka kwenye pumba ikaingia ndani ya punje, na mashine ikija haiikuti pale nje. Mchele wa namna hiyo hauna weupe wa kuvutia, lakini una siri njema.

Mtu asije akadhani kwamba kila kitu chenye asili ya magadi ni kibaya. Huko Mexico, tangu kale, mahindi huchemshwa kwa maji ya chokaa kabla ya kusagwa. Mahindi yana niasini, lakini imefungwa, na chokaa huifungua. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, mbegu ilisafiri na ujuzi ukabaki nyuma. Watu wa Hispania na Italia walioishi kwa mahindi matupu walipatwa na pelagra, ngozi ikawababuka, matumbo yakawaharibika, na akili zikavurugika. Maradhi hayo yakawaandama maskini wa kusini mwa Marekani mpaka daktari Joseph Goldberger, kuanzia mwaka 1914, alipoonyesha kwamba si ya kuambukiza bali ni ya chakula, na mwaka 1937 ikathibitishwa kwamba dawa yake ni niasini.

Hapo mpenzi wa makande atatushika shati. Atasema, je, magadi ninayotia katika makande si yanafungua niasini ya mahindi kama chokaa ya Mexico? Ni hoja yenye kichwa na miguu. Lakini makande yana maharage ndani yake, na maharage yenyewe yanaleta niasini na protini ambayo mwili unaweza kuitengenezea niasini. Shida ya pelagra ni ya wale wanaokula mahindi peke yake. Kwa hiyo magadi katika makande yanatatua shida ambayo maharage yameshaitatua, na wakati huo huo yanaivunja thiamini ya maharage hayo. Sisi tunasema mahindi na maharage yalowekwe pamoja usiku, na magadi yabaki dukani.

Zoea la tatu ni chai. Si kwamba chai ni mbaya. Waandishi wa ukurasa huu wasingemaliza kuuandika bila chai. Ila tanini za chai ya rangi hukamatana na chuma cha maharage tumboni, na kile kidogo kilichoponyoka kwenye faiteti kinanaswa hapa. Kahawa nayo hufanya hivyo. Chuma cha nyama kina njia yake ya kupita, lakini cha mbegu na mboga hakina utetezi. Inatosha kuitenga chai na chakula kwa saa moja au zaidi. Na kama chai ni mnyang'anyi, ndimu ni mlinzi: vitamini C hukibeba chuma cha mbegu kikaingia mwilini kwa urahisi. Lakini vitamini C nayo ni dhaifu mbele ya moto, kwa hiyo ndimu ikamuliwe sahanini, isichemshwe katika sufuria kwa saa nzima. Kachumbari yenye nyanya na pilipili mbichi, kipande cha embe bichi, au chungwa baada ya kula, vyote vinafanya kazi hiyo. Pwani yetu haina upungufu wa ndimu.

Wengine wameuliza kuhusu kuotesha. Punje kavu karibu haina vitamini C kabisa, lakini ikianza kuota inaitengeneza. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Harriette Chick na wenzake kule London walionyesha kwamba dengu na njegere zilizooteshwa zinazuia kiseyeye, ugonjwa wa fizi kutoka damu kwa kukosa vitamini hiyo. Na hapa kwetu, katika miaka ya 1980, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliwahimiza kina mama kutumia kimea, yaani unga wa nafaka iliyooteshwa na kukaushwa. Kijiko chake kikitiwa katika uji mzito, uji unalainika wenyewe, na mtoto mwenye tumbo dogo anaweza kunywa uji wenye unga mwingi badala ya kunyweshwa maji. Bibi zetu walikijua kimea kabla ya taasisi yoyote. Anayetaka kujaribu aanze na choroko, siku mbili zinatosha, ila azipitishe motoni kidogo kabla ya kula, maana unyevu unaootesha choroko huotesha na vijidudu.

Kuna jambo moja ambalo moto wa jikoni hauliwezi, na hatutaki tulipite kimya. Ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania, waliugua watu 68 na wakafariki 20. Watu hao hawakula mahindi mabichi. Walikula ugali ulioiva. Sumu hii inahimili kuchemshwa, na hata kukaanga huipunguza tu bila kuimaliza. Kinga ni kukausha vizuri na kuchambua kwa mkono. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, isifichwe ndani ya kashata. Na ndugu zetu wapenzi wa dona, ambao kwa upande wa vitamini wako sahihi kuliko walaji wa sembe, wajue kwamba sumukuvu hupenda kukaa katika pumba na kiini, yaani sehemu zile zile ambazo dona inazibakiza. Dona iwe ya mahindi safi, au isiwe.

Ufuta tuugusie kwa haraka. Ukikaangwa kwa kiasi, kitu kimoja ndani yake hugeuka kuwa sesamoli, ambayo huyalinda mafuta yasichache, na hapa moto unatoa badala ya kuchukua. Ila punje za ufuta zikimezwa nzima nyingi hupita kama zilivyo, kwa hiyo heri uliotwangwa. Habbasoda, ambayo tunajua wengi wanaingoja, ina timokwinoni katika mafuta yake mepesi, na mafuta hayo hukimbia kwa moto na huharibika kwa mwanga. Chupa ya kioo cheupe inayoanikwa juani mbele ya duka inauza jina zaidi ya dawa. Ama buni, watu husahau kwamba nayo ni mbegu. Kukaanga kunaivunja sehemu kubwa ya asidi zake zenye faida, lakini kunazaa harufu ile inayotutoa vibarazani, na kunageuza sehemu ya kitu kingine ndani yake kuwa niasini, ile ile ya pelagra.

Turudi kwenye jiko letu. Tumezungumza na kina mama wapishi kabla ya kuandika, na majibu yao yalikuwa ya haki. Walisema watu ni wengi, sufuria ni mbili, mkaa ni ghali, na wao wanafika alfajiri, sasa maharage ataloweka nani usiku? Hatuwezi kuwalaumu kwa magadi wakati kazi ya usiku hakuna aliyeifanya. Kwa hiyo ombi letu kwa uongozi wa madrasa si kuwaongezea kina mama kazi, bali kuwapunguzia. Wanafunzi wa bweni wana zamu ya kufagia na zamu ya kuchota maji. Iongezwe zamu ya tatu: baada ya sala ya isha, wanafunzi wanne wachambue maharage ya kesho, wayaoshe na kuyaloweka katika ndoo mbili zenye mifuniko. Asubuhi kina mama wayakute yameshavimba, wamwage maji, na moto wao uwe mfupi bila magadi.

La pili, chai ya mchana isogezwe hadi baada ya alasiri. Wapo watakaolalamika wiki ya kwanza. La tatu, kila meza ipate ndimu mbili siku za maharage. Tunapendekeza ijaribiwe kwa mwezi mmoja, na mkaa uliotumika upimwe kabla na baada, ili tusibishane kwa maneno matupu. Kama mkaa utazidi, wapishi watakuwa wametushinda kwa hoja na tutachapisha hivyo.

Mwanafunzi wa kutwa asijione hahusiki. Nyumbani kwenu pia kuna sufuria, na mama akirudi sokoni jioni amechoka, kuchambua kunde na kuziloweka ni kazi ya nusu saa ambayo mtoto wa darasa la nne anaiweza. Msimwambie mama kwamba amekosea kupika miaka yote. Mwambieni, mama, leo hizi naziloweka mimi.

Na Ramadhani inshaallah ikifika, kunde za futari zilowekwe wakati wa daku. Joto la mchana huku pwani ni kali, kwa hiyo maji yabadilishwe adhuhuri zisije zikachacha. Zikiingia motoni alasiri zitakuwa zimelainika, na kwa futari ndimu iwe karibu. Kahawa isubiri watu warudi kutoka tarawehe.